Kikombe Kilichorudi Kimejaa

Makanyagio, Mpanda
3 Juni 2024

Kaka Malale,

YAH: KUJA MPANDA KWA MATEMBEZI YA JIONI MOJA

Usicheke. Nimekuwa karani wa stesheni miaka thelathini na moja, haiwezi kunitoka kwa sababu tu wamenistaafisha. Barua isiyo na kichwa mimi naiona kama mtu aliyetoka nyumbani bila suruali.

Sisi hapa wazima. Mama watoto anasema mchele wako umekwisha na wa dukani haumpendezi, kwa hiyo hilo ulichukulie kama agizo. Wiki iliyopita nilikupigia simu, ukawa unasema "nani, nani" mpaka mkeo Hana akakunyang'anya. Nikaona bora turudi kwenye barua kama zamani. Hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, na ya kwako mpe huyohuyo.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Tunaanzia Nsemulwa kwa Annonciata, kimpumu cha moto, mrija mdomoni, tunaongezewa maji mpaka ulezi unabaki hauna tena la kusema. Halafu Kawajense kwenye komoni ya mahindi, pale palipokuwa na benchi la mninga lililokuchania suruali. Tunamalizia huku Makanyagio kwa Fausta, kwenye wanzuki, tumbo limejaa na bado tunautafutia nafasi ule mtamu wa asali. Wewe ulikuwa mchunga ng'ombe mwembamba, mimi karani mpya mwenye kalamu mbili mfukoni. Malale, nilikuwa na furaha siku zile. Nimekaa kwenye kiti cha ustaafu nimehesabu, naona furaha yangu nyingi ilikuwa katika njia ile ya vilabu vitatu.

Sasa sikiliza. Binti wa Fausta, Marsela, amefungua kilabu chake hapahapa Makanyagio. Pasafi, sakafu ya saruji, vikombe vinaoshwa, na wanzuki mwingine anautia kwenye chupa zenye karatasi yenye jina. Wageni wanaopita kwenda mbugani wananunua. Wenyeji hawaingii. Wazee wanapita nje, wanasalimia, wanakwenda zao. Ameniambia mwenyewe kwamba kama hali ni hii mpaka mvua zianze, atafunga arudi Kabungu kulima mihogo.

Na unajua kwa nini hawaingii. Mwenye pombe anaonja kwanza mbele ya watu, ndipo anampa mgeni. Akishaonja na wewe ukakataa, umeshasema mbele za watu kwamba ameitia kitu. Mwaka tisini na tatu wewe ulirudisha kikombe cha Fausta kimejaa, ukaondoka. Kilabu chake hakikumaliza mwaka. Leo wanasema pombe ya binti ni ya mama.

Njoo, Malale. Njoo tupite vilabu vyote vitatu kama zamani, na pale kwa Marsela unywe watu wakikuona.

Wako,
Gervas


Majimoto
9 Juni 2024

Gervas,

Mwangaluka. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa zizini ili Hana asinione sura.

Nimekasirika na nitasema. Miaka yote hii unaniandikia habari za treni na za mafua yako, hukuwahi kuniambia kilabu cha Fausta kilikufa kwa ajili yangu. Zamani nilipokuja Mpanda hospitali ukanipeleka kwingine, ukisema Fausta ameacha kupika, amechoka. Mimi nikaamini. Kwa nini ulinificha?

Na mimi nilikuficha. Sasa ujue.

Sikuogopa sumu. Sumu kwa Fausta? Yule mtu alikuwa akiona nzi kwenye mtungi anamwaga mtungi mzima. Nilimpenda, Gervas. Nilimpenda mpaka nikawa napeleka ng'ombe kunywa maji upande wa kwao hata kama upande ule hauna maji. Jumatano ya wiki ile nilijikaza nikamwambia. Akanijibu kwa heshima kabisa kwamba Evarist ameshaleta posa na yeye amekubali. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Jumamosi ukanipitia twende, nikashindwa kukuambia siendi. Kwa Annonciata nilikunywa, Kawajense nilikunywa. Tukafika kwake. Akaonja, akanipa kwa mikono miwili, akatabasamu kama siku zote, kama vile Jumatano haikuwahi kuwepo. Nikaona nikinywa nitakuwa nimekubali yaishe. Nikamrudishia. Nikatoka. Jumanne tukaswaga ng'ombe kuja huku, na sikujua tena la nyuma. Nilidhani nimemuumiza moyo peke yake, na hilo tu lilinitosha kunikosesha usingizi. Kumbe nilimwachia jina la mchawi.

Nina maswali mawili. La kwanza, nikija nikinywa bila kusema kitu, watu watajuaje? Wataona mzee mwenye kiu. Itabidi niseme ukweli, na ukweli ukisemwa Mpanda utafika Majimoto kabla yangu, na Hana yupo. Evarist ni marehemu, lakini Marsela ni mtoto wake. La pili, kile kikombe kiliishia wapi? Nilikuacha umekaa kulia kwangu.

Malale Ngusa


Makanyagio, Mpanda
14 Juni 2024

Kaka Malale,

YAH: MAJIBU YA BARUA YAKO YA TAREHE 9

Nimekaa na barua yako kibarazani mpaka chai ikapoa. Kumbe ulikuwa unapenda, bwana. Mimi nilikuwa nakuona unachana nywele kabla ya kwenda kwenye ng'ombe, nikadhani ni usafi.

Kwa nini nilikuficha? Sikutaka kukuumiza. Ulikuwa mbali, una watoto wadogo, ungefanya nini? Nikasema yatapita. Hayakupita, ndiyo maana nimekuandikia.

Swali lako la kwanza nina jibu. Huna haja ya kumwaga moyo wako mbele ya walevi. Utasema ulikuwa na vidonda vya tumbo, daktari alikukataza, ukaona aibu kusema. Watu wa umri wetu wote wana vidonda vya tumbo, watakuelewa haraka. Marsela atapata wateja, Hana atabaki na amani yake, Fausta atasafishika.

La pili, kikombe, ni zamani sana na watu walikuwa wengi. Sikumbuki kilikwenda kwa nani. Tusipoteze wino kwa vyombo.

Jumamosi ya tarehe 29 inafaa. Utafika na basi la mchana, utapumzika kwangu, saa kumi tunaanza. Annonciata yu hai. Hapiki tena, anakaa kwenye kiti anaamuru, na mkwewe anapika. Nilimwambia unakuja akaniuliza kama bado una zile kandambili za tairi.

Wako,
Gervas


Majimoto
21 Juni 2024

Gervas,

Sina vidonda vya tumbo na sitaki kuanza kuwa navyo uzeeni.

Nimemwambia Hana. Nilimwambia tukianika mpunga, maana pale mikono ina kazi na mtu halazimiki kukutazama. Alicheka kwanza. Halafu siku mbili chakula analeta anaweka anaondoka. Siku ya tatu akaniuliza, "Huyo mwanamke alipika pombe tena?" Nikasema hapana. Akakaa, akasema, "Basi nenda kamsafishe mama wa watu, halafu urudi hapa kwangu." Shati langu jeupe amelipiga pasi mwenyewe.

Nitakuja tarehe hiyo. Mchele nitabeba.

Malale


Majimoto
4 Julai 2024

Gervas,

Nimefika salama tangu Jumapili, lakini nilikuwa sijatulia kuandika. Miguu inauma kwa kutembea, kichwa hakiumi, nashangaa. Hana ameniuliza yote, nikamwambia yote, akaniuliza tena.

Nataka nikushukuru kwa jioni ile. Nilidhani Mpanda yetu imekwisha. Ile lami na taa vilinichanganya, hata njia ya Nsemulwa nisingeijua bila wewe. Lakini nilipoinama kwa Annonciata nikavuta ule mrija, na ule moto ukanishuka kooni na harufu ya ulezi, nilikuwa na miaka ishirini na tano hapohapo. Macho yalinilowa, nikasingizia mvuke. Bibi yule ananitazama anasema, "Mmasukuma wangu umezeeka vibaya." Hata kabila langu hajawahi kulitamka sawasawa na sitaki alitamke.

Kawajense pale sikupapenda. Ile spika ilikuwa inanipiga kifuani, na mimi ndiye kiziwi. Komoni wanaleta kwenye jagi la plastiki kama maji ya kunawa. Benchi la mninga hamna. Lakini yule mzee aliyetukumbuka, aliyesema tulikuwa tukiimba tukitoka, alinifurahisha. Kweli tulikuwa tunaimba? Mimi nakumbuka wewe tu ukiimba, na vibaya.

Sasa kwa Marsela. Nilipoingia mlangoni miguu ilitaka kurudi. Watu walikuwa hawazidi kumi, na najua nusu yao uliwaita wewe. Fausta akatoka ndani. Nimemwona, Gervas. Amenenepa kidogo, nywele nyeupe mbele, na bado anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Hakunisalimia. Alichota, akaonja watu wote wakiona, akanipa kwa mikono miwili.

Niliyoyasema uliyasikia kunishinda mimi, maana sauti yangu mwenyewe siisikii vizuri, sijui nilipiga kelele kiasi gani. Nilisema kwamba mwaka tisini na tatu nilirudisha kikombe cha huyu mama kikiwa kimejaa. Pombe haikuwa na kitu. Nilikuwa nimemtaka, amenikataa kwa haki yake, na mimi nikafanya ujinga wa kijana, nikaondoka bila kujua nimemwachia nini. Halafu nikanywa. Nilikunywa chote mpaka chini, nikageuza kikombe. Mtamu uleule. Marsela alikuwa analia nyuma ya meza, na mimi sikutaka kuona mtoto wa Evarist akilia kwa sababu yangu, lakini alikuja akanishika mkono akaniita baba.

Hilo limenitua mzigo. Asante.

Lakini masikio yangu ni mabovu, macho ni mazima. Nilipomaliza Fausta alijaza kikombe tena, akaonja. Wewe ulikuwa umekaa kulia kwangu, zamu ilikuwa yako, na mkono ulikuwa umeshaunyoosha. Akakupita akampa aliyefuata. Mzunguko wa pili akakupita tena. Mpaka tunaondoka hukunywa hata tone. Njiani nilikuuliza ukaniambia nimeona vibaya. Sikuona vibaya.

Kuna nini?

Malale


Makanyagio, Mpanda
9 Julai 2024

Kwa Dada Fausta,

YAH: KURUKWA KWENYE MZUNGUKO WA TAREHE 29 JUNI

Nimeona niandike badala ya kuja, maana nikija tutasalimiana tu na nitashindwa kuliuliza.

Kwanza hongera. Jumapili zote mbili nimepita nje ya kilabu cha Marsela nikaona baiskeli na pikipiki zimeegeshwa, nikafurahi moyoni. Nimemwona hata mzee wa kanisa akiwa ndani, amekaa kona ya nyuma kabisa, lakini yumo.

Sasa, dada, naomba nieleweke. Sipendi kujisifu. Lakini aliyemwandikia Malale ni mimi. Aliyemtafuta Annonciata, aliyewaambia watu wawepo, aliyemshika mkono mgeni pale mlangoni, ni mimi. Siku nzima nilikuwa mbio kwa ajili ya jina lako na la binti yako. Kisha zamu yangu ilipofika ulinipita mara mbili, watu wakiona, na mkono wangu umenyooka. Malale ameona. Mke wangu ameshaambiwa na majirani. Leo sokoni mtu ameniuliza kwa utani kama nimepigwa marufuku.

Sisi tumekua nyumba moja, ukuta kwa ukuta. Marehemu mama alikuhesabu kama mtoto wake. Kama kuna mahali nimekukosea bila kujua, niambie, nijirekebishe.

Kwa heshima,
Gervas


Makanyagio
12 Julai 2024

Kaka Gervas,

Barua yako nimeisoma mwenyewe na hii naandika mwenyewe, sikumpa Marsela. Utaniwia radhi mwandiko, niliishia la saba na tangu hapo kalamu nimeshika kwa nadra.

Umesema bila kujua. Nitakuambia kama vile kweli hujui.

Malale aliporudisha kikombe nilijua sababu saa ileile. Jumatano alikuwa amenitamkia, Jumamosi macho yake bado mekundu. Nilimhurumia. Sikupata hata muda wa kumkasirikia, na mwaka ule haujaisha nilikuwa nimeshamsamehe. Wewe unajua mila yetu, usijifanye mgeni. Kikombe kikirudi, aliyekaa kulia kwa mgeni anakipokea anakunywa, watu wanamcheka yule aliyekataa, yanaisha palepale. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Niligeuka nikakuletea wewe. Moyoni nilishusha pumzi. Nilisema afadhali, kumbe yupo Gervas.

Ukakitazama kikombe. Ukawatazama watu. Ukaniambia, "Mimi leo nimeshatosheka, mpe mwingine."

Hakuna mwingine aliyekipokea. Wangekipokeaje? Mchunga ng'ombe aliyetoka mbali akikataa, watu wanasema ni ugeni tu. Wewe ulikuwa mtoto wa mama Gervas. Aliyenifundisha kuupika wanzuki ni mama yako, jikoni kwenu, nikiwa na miaka kumi na mbili, asali anaipima kwa kata yake, wewe umekaa mlangoni unasubiri kulamba mwiko. Ulilelewa na pombe ileile. Mtu kama wewe akisema ametosheka, watu wanasema huyu anajua kitu.

Nilibaki nimesimama na kikombe mkononi. Mwishowe nilikunywa mwenyewe, chote, mbele yao, na hata hivyo hakuna aliyeomba kingine.

Evarist aliniuliza mpaka siku zake za mwisho yule Msukuma aliona nini kwenye pombe yangu. Sikuweza kumwambia ya Jumatano, alikuwa mtu wa wivu, angekwenda na panga mpaka Majimoto. Kwa hiyo nilikubali kuitwa mchawi ndani ya nyumba yangu. Swali kuhusu wewe, hakuwahi kuliuliza. Hakuna mtu aliyewahi kuliuliza. Wote wanakumbuka Malale kwa sababu aliondoka. Wewe ulibaki, ukapanda cheo, ukawa mtu wa heshima, likasahaulika.

Nimejiuliza sana uliogopa nini. Kama uliogopa pombe yangu, au uliogopa macho ya watu, usije ukaonekana mjinga peke yako. Siku hizi sijiulizi tena, maana vyote viwili vilinifunga kilabu.

Sisemi hukufanya kazi. Umemleta Malale na nimeona jasho lako. Marsela sasa ana watu, jana asali ya pipa zima imekwisha, na hilo nashukuru, nashukuru kweli. Malale alikuja akasimama akasema lake, na mimi na yeye tumemaliza. Lakini nilikuwa nakutazama wakati anasema. Nilingoja, nikasema sasa atasimama na huyu. Ukapiga makofi.

Mjini watu wanasema Gervas ndiye aliyemsafisha Fausta. Nimelisikia hilo kisimani, nimelisikia kanisani. Nimeshindwa kulimeza.

Tunapakana ukuta. Kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja unapita hapa na mwavuli wako unaniambia, habari za asubuhi, dada. Nami nakujibu nzuri. Hazikuwa nzuri, Gervas. Hata asubuhi moja.

Kesho ni Jumamosi. Watu watakuwa wengi kuanzia saa kumi na moja. Usiniletee barua nyingine, barua zako ni nzuri na mimi sizihitaji. Simama pale aliposimama mwenzako, useme kwa mdomo wako ulichoniambia mwaka ule, maneno yaleyale, na uwaambie hukuwa umetosheka. Marsela hajui, mwache alisikie kwako. Ukiweza hilo, kaa kwenye benchi na zamu yako itafika.

Ukishindwa, usije. Keshokutwa utapita na mwavuli, utanisalimia, na mimi nitakujibu nzuri.

Fausta